Kuzima au kulaza kompyuta mpakato: anzia kwenye dalili

Kwa mwenye haraka, jibu ni hili. Ukiinuka kwa saa chache, ilaze (Sleep). Ukiitia begini, au ukimaliza kazi ya siku bila kuichomeka kwenye chaja, ilaze usingizi mzito (Hibernate). Ukiiacha kwa wiki kadhaa, izime. Na angalau mara moja kwa wiki iwashe upya, hata kama huoni tatizo lolote.

Kulaza hakuharibu kompyuta. Nalisema hili mapema kwa sababu usingizi husingiziwa makosa mengi yasiyo yake. Ukifuatilia malalamiko hadi mwisho, mara nyingi unakuta mojawapo ya mambo mawili: mashine iliyodhaniwa imelala ilikuwa macho, au iliyodhaniwa imezimwa haikuzimwa yote. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha mazoea yako, angalia kwanza unasumbuliwa na dalili ipi.

Kinachotokea ndani

Ukibonyeza Sleep, kila ulichofungua hubaki kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. RAM husahau kila kitu ikikatiwa umeme, kwa hiyo kompyuta huendelea kuipa umeme kidogo huku ikizima skrini, diski na karibu sehemu nyingine zote. Ndiyo maana huamka kwa sekunde chache tu. Ubaya wake ni kwamba betri ikiisha kabisa katika hali hiyo, kazi ambayo hukuihifadhi imekwenda.

Usingizi mzito, ambao kwenye menyu ya Windows umeandikwa Hibernate, hunakili yaliyomo kwenye RAM hadi kwenye diski, kisha hukata umeme. Ukirudi hata baada ya wiki, madirisha yako yanafunguka yalivyokuwa, ila utasubiri kidogo zaidi. Mac za mpakato huchanganya njia hizo mbili zenyewe: zinapolala huweka nakala ya RAM kwenye diski, na betri ikishuka sana hutegemea nakala hiyo. Kwenye Linux usingizi mzito upo pia, lakini unahitaji nafasi ya kutosha ya swap, sehemu ya diski inayoisaidia RAM, na baadhi ya matoleo huja nao ukiwa haujawezeshwa.

Kuzima na kuwasha upya huonekana kama ndugu. Kwenye Windows hazilingani kabisa, na tofauti yake nitaieleza kwenye dalili ya kompyuta nzito.

Dalili: umeitoa begini ina joto kali, feni inavuma, betri imekwisha

Hii ndiyo dalili inayostahili kushughulikiwa leo leo, maana joto ni adui mkubwa wa betri za lithiamu. Kompyuta inayofanya kazi ndani ya begi lililofungwa haina pa kupumulia, na kila tukio la namna hiyo huipunguzia betri maisha.

Kisababishi cha kwanza kukishuku ni aina ya usingizi wenyewe. Zamani karibu kompyuta zote za Windows zilitumia usingizi unaoitwa S3, ambapo kichakataji huzimwa na RAM pekee hubaki na umeme. Kuanzia Windows 8, mwaka 2012, Microsoft ilileta usingizi mwingine ambao tangu Windows 10 unaitwa Modern Standby. Huo huiacha kompyuta ikiwa nusu macho ili ipokee ujumbe, ifuatilie mtandao na iamke papo hapo. Ukifanya kazi vizuri haudhuru. Lakini programu moja au draiva moja (programu ndogo inayoendesha kifaa) ikikataa kutulia, kompyuta hukesha huku skrini imezimwa na wewe huna habari.

Kujua yako ina aina gani, fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi (Run as administrator) na uandike:

powercfg /a

Orodha itakuonyesha hali zinazowezekana. Ukiona S0 Low Power Idle, una Modern Standby. Kompyuta nyingi mpya hazina S3 tena, na huwezi kuilazimisha pale ambapo mtengenezaji hakuiweka. Badala yake omba ripoti:

powercfg /sleepstudy

Amri hii hutengeneza ukurasa unaoufungua kwenye kivinjari. Ndani yake kila kipindi cha usingizi kimeorodheshwa pamoja na kiasi cha betri kilichotumika na majina ya vifaa au programu zilizokesha. Ni ripoti nzuri sana na wachache wanaijua. Ukikuta jina la kadi ya mtandao au ya sauti limejirudia usiku baada ya usiku, umempata mhusika. Chukua draiva mpya kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta yako.

Utajuaje kama betri imeliwa kupita kiasi? Piga hesabu. Chukua betri ya saa-wati 50 na kompyuta inayotumia nusu wati ikiwa imelala. Usiku wa saa 8 utakula saa-wati 4, yaani asilimia 8. Ikiwa umelala ikiwa na asilimia 90 na umeamka ukakuta 80, hiyo ni kawaida. Ukikuta 40, haikulala.

Tiba ninayoipendekeza kwa mtu anayetembea na kompyuta ni kubadilisha kazi ya kifuniko. Kwenye Control Panel, sehemu ya Power Options, kuna chaguo la kuamua kifuniko kikifungwa kifanyike nini. Kwa upande wa betri chagua Hibernate. Kwa upande wa chaja acha Sleep. Kama Hibernate haionekani kwenye orodha, iwezeshe kwa powercfg /hibernate on, tena ukiwa msimamizi. Kuanzia hapo huna haja ya kukumbuka chochote unapokimbilia usafiri.

Kuna wanaogopa kwamba kuandika RAM kwenye diski kila siku kutaimaliza SSD, diski ya kisasa isiyozunguka. Hofu hiyo ina msingi kidogo tu. Hata ukiandika GB 8 kila siku bila kukosa, kwa mwaka mzima haifiki TB 3, ilhali SSD za kawaida za GB 500 huuzwa zikiwa na dhamana ya kuandikwa zaidi ya TB 100. Kompyuta itachakaa kwa mambo mengine kwanza.

Kwenye Mac, fungua Terminal na uandike pmset -g assertions. Utaona programu zinazoizuia kulala kwa majina yao. Kwenye Linux, angalia cat /sys/power/mem_sleep. Neno lililo ndani ya mabano ya mraba ndilo linalotumika. Likiwa s2idle, usingizi ni mwepesi, na likiwa deep, ni ule wa S3.

Jambo la mwisho hapa ni dogo lakini lina maana: usiisukume begini sekunde ileile unapofunga kifuniko. Subiri taa yake ibadilike au feni inyamaze. Kwa kompyuta yenye diski ya zamani inayozunguka, subira hiyo ni ya lazima, kwa kuwa mtikisiko wakati sahani zinazunguka unaweza kuikwaruza diski.

Dalili: inaamka yenyewe usiku

Skrini inawaka chumba kikiwa giza, na hakuna aliyeigusa. Mara tu baada ya tukio, andika powercfg /lastwake. Jibu litakuambia kilichoiamsha. Kwa kawaida ni kimoja kati ya hivi: kipanya kilichosogea kwa mtikiso wa meza, kadi ya mtandao iliyopokea ujumbe, au kazi iliyopangiwa saa, hasa masasisho.

Kwa kipanya na kadi ya mtandao, ingia Device Manager, fungua sifa za kifaa husika, nenda kwenye Power Management, uondoe alama kwenye ruhusa ya kuiamsha kompyuta. Orodha ya vifaa vyote vyenye ruhusa hiyo unaipata kwa powercfg /devicequery wake_armed. Kwa kazi zilizopangiwa saa, amri ni powercfg /waketimers, na kwenye mipangilio ya kina ya umeme unaweza kuzuia vipima saa hivyo visiamshe mashine. Mac nazo zina mpangilio wa kuamka kwa ajili ya mtandao. Ukiuzima, nyingi hutulia.

Dalili: haitaki kulala kabisa

Umeweka ilale baada ya dakika 10, saa nzima imepita, bado iko macho. Kuna programu imeomba isilazwe. Maombi hayo ni halali: video inapochezwa au mkutano unapoendelea, hungependa skrini ikuzimikie. Tatizo ni programu inayoomba na kusahau kuondoa ombi lake. Amri powercfg /requests huyaonyesha yote. Mara nyingi ni ukurasa wa kivinjari wenye sauti iliyosimamishwa katikati, au kazi ya kuchapisha iliyokwama kwenye printa. Funga ukurasa huo, futa kazi hiyo, jaribu tena.

Dalili: inalala wakati unaandika

Watu hupeleka kompyuta kwa fundi kwa dalili hii, ilhali tiba ni kuvua saa mkononi. Kompyuta mpakato nyingi hutambua kwamba kifuniko kimefungwa kwa kutumia sumaku ndogo kwenye fremu ya skrini na kihisi kilicho chini ya kibodi. Ukanda wa saa wenye sumaku, kava la simu lenye kifungo cha sumaku, au kompyuta nyingine iliyowekwa chini yake, vyote vinaweza kukidanganya kihisi hicho. Ondoa kila chenye sumaku karibu na kibodi uangalie kama tatizo linaisha.

Kama si sumaku, angalia betri. Betri iliyochoka huweza kuonyesha asilimia 30, kisha ikaanguka ghafla na mfumo ukalala kujiokoa. Ripoti ya powercfg /batteryreport inalinganisha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa.

Dalili: inaamka lakini skrini ni nyeusi

Usikimbilie kuizima kwa nguvu. Bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, mfumo uko hai na tatizo ni picha tu. Kwenye Windows bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B: hiyo huwasha upya draiva ya picha bila kufunga kazi zako. Hakikisha pia kompyuta haidhani imeunganishwa na skrini ya nje, hasa kama uliilaza ikiwa kwenye projekta na umeiamsha mahali pengine. Chomoa kebo zote, funga kifuniko, kisha ukifungue tena.

Caps Lock isipoitika, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 au zaidi hadi izime, halafu uiwashe. Ikitokea mara moja kwa miezi, iache. Ikijirudia kila wiki, sasisha draiva ya picha pamoja na programu dhibiti (firmware) ya kompyuta, maana makosa ya kuamka mara nyingi hukaa kwenye hivyo viwili.

Wi-Fi, Bluetooth au sauti ikipotea baada ya kuamka, ni ukoo uleule: draiva haikuamka pamoja na wenzake. Izime na uiwashe Wi-Fi kwanza. Kisha kwenye Device Manager zuia kompyuta isiizime kadi hiyo ili kuokoa umeme.

Dalili: nzito na inakwamakwama, ingawa unaizima kila siku

Hapa ndipo wengi hudanganyika bila kosa lao. Tangu Windows 8 kuna mpangilio uitwao Fast Startup. Ukibonyeza Shut down, Windows hufunga programu zako na kukutoa kwenye akaunti, lakini kiini cha mfumo pamoja na draiva huandikwa kwenye diski kama katika usingizi mzito. Kesho yake kiini kilekile hurudishwa. Kuwaka kunakuwa haraka, ila hitilafu iliyokuwa kwenye draiva jana inaamka nayo leo. Mtu anazima kila jioni kwa uaminifu, na mfumo wake haujaanza upya kwa wiki nyingi.

Uthibitisho uko karibu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kufungua Task Manager, nenda Performance, kisha CPU, usome Up time. Ukikuta siku 25 na wewe umeizima jana, Fast Startup inatumika.

Restart haipiti njia hiyo. Huanza mwanzo kabisa kila mara. Kwa hiyo mtu anayelalamikia uzito, shauri la kwanza ni kubonyeza Restart, wala si Shut down. Ukitaka kuzima kikamilifu, shikilia Shift huku ukibonyeza Shut down. Ukitaka kuiondoa Fast Startup moja kwa moja, rudi Power Options, fungua sehemu ya vitufe vya umeme, uondoe alama yake. Kwenye kompyuta yenye SSD, muda utakaopoteza kwenye kuwaka ni mdogo, na binafsi naona kuiondoa ni bora.

Kwa mwenye Windows na Linux kwenye mashine moja, kuiondoa si hiari. Fast Startup huacha diski ya Windows katika hali ya kusitishwa, na kuandika ndani yake kutoka Linux kunaweza kuharibu mafaili. Linux nyingi hukataa kuandika na kuifungua kwa kusomwa tu, jambo linalowashangaza wasiojua sababu.

Lakini kwa nini kuwasha upya kunasaidia? Programu hukopa sehemu ya RAM zinapofanya kazi na hutakiwa kuirudisha. Nyingine hurudisha pungufu, na kidogo kidogo hicho kikirundikana kwa siku nyingi, mfumo huanza kuhamishia mambo kwenye diski na kila kitu kinazorota. Masasisho nayo hayakamiliki mpaka mfumo uanze upya, ya usalama yakiwemo. Historia ina mfano maarufu: Windows 95 na 98 zilihesabu muda kwa milisekunde kwenye kihesabio cha biti 32, ambacho hujaa baada ya siku 49.7. Mashine iliyoachwa ikiwaka muda huo wote ingeweza kuganda. Mifumo ya leo imetengenezwa vizuri zaidi, ila programu unazoendesha juu yake hazijajaribiwa zote kwa wiki nyingi mfululizo.

Mac na Linux hazina Fast Startup. Amri ya uptime kwenye Terminal inatosha kukuambia mfumo haujaanza upya tangu lini.

Dalili: asubuhi kazi yote imepotea

Kuna uwezekano wa aina mbili. Betri iliisha ikiwa kwenye Sleep; katika hali hiyo weka kwamba baada ya saa moja au mbili za Sleep mashine ihamie Hibernate yenyewe, na kwamba betri ikifika kiwango cha hatari ifanye hivyo pia. Au masasisho yaliiwasha upya usiku. Kwenye mipangilio ya Windows Update kuna Active hours, saa unazofanya kazi, ambapo haitawashwa upya bila wewe. Kwa vyovyote hifadhi faili kabla ya kufunga kifuniko.

Ukisafiri nayo

Kwa safari yenye hatari ya kuibiwa, sizungumzii betri tena bali siri zako. BitLocker ya Windows na FileVault ya Mac hufunga diski kwa ufunguo, na kompyuta ikiwa imelala ufunguo huo umo kwenye RAM. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzao walionyesha kwamba RAM haifutiki papo hapo ikikatiwa umeme, na ikipozwa hudumu zaidi, kiasi cha kuweza kusomwa funguo kutoka ndani yake. Kompyuta iliyozimwa tangu muda haina ufunguo wa kusomwa. Anayebeba data za wagonjwa, wateja au vyanzo vya habari aizime kabisa kabla ya kutoka.

Kwenye ndege, beba kompyuta pamoja nawe ndani. Ikilazimika kwenda na mizigo ya chini, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, hutaka iwe imezimwa kabisa na imefungwa isiweze kuwaka kwa bahati mbaya, kulazwa hakukubaliki.

Dalili: umeizima, betri bado inashuka, au baada ya miezi haiwaki

Kushuka kidogo ni kawaida, betri zote hujipunguza. Kushuka kwa haraka kunatokana na mlango wa USB unaoruhusiwa kuchaji simu hata kompyuta ikiwa imezimwa, au kadi ya mtandao iliyoachwa ikisubiri kuamshwa kupitia kebo. Vyote viwili huzimwa kwenye mipangilio ya BIOS, ile inayofunguliwa kabla mfumo haujawaka. Saa na tarehe zikirudi nyuma kila ukiwasha, kwa kompyuta yenye betri ndogo ya saa ndani yake, betri hiyo imekwisha. Ni kazi ya dakika chache kwa fundi.

Ukitaka kuiweka kwa miezi, ichaji hadi karibu nusu, izime, uiweke mahali pakavu pasipo na joto. Ikiwa imejaa hadi juu betri huzeeka haraka, na ikiwa tupu inaweza kushuka hadi kiwango ambacho haipokei chaji tena. Kila baada ya miezi sita itoe uirudishe kwenye nusu.

Iliyokaa hivyo na haiwaki, ichomeke kwenye chaja yake yenyewe kwa nusu saa kabla ya kubonyeza chochote. Lakini iangalie kwanza. Kama kifuniko hakifungi vizuri, sehemu ya chini imetuna au kipanya cha kugusa kimeinuka, betri imevimba: usiichaji, usiikandamize, ipeleke kwa fundi ikiwa imezimwa.